Vyeti vimejaa faili, lakini mashine ya kushtua moyo ilinishinda

SistaWaZamu

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa 6 idara ya dharura. Pointi za mafunzo endelevu ninazo hadi za kugawa. Karibu zote nimezipatia kwenye simu: unaangalia video, unajibu maswali 10, ukikosa unarudia mpaka upate, cheti hicho kinaingia.

Wiki mbili zilizopita, saa tisa usiku, mzee aliyeletwa na maumivu ya kifua alikata kauli mbele yangu. Nikagusa shingo, mapigo hakuna. Nikaita wenzangu, nikaanza kukandamiza kifua. Mpaka hapo sawa. Daktari akaniambia niandae mashine ya kushtua moyo, nami nikabaki naikodolea macho kama mgeni. Pakiti ya pedi, zile za kubandika kifuani zipitishe umeme, sioni pa kuchania. Nimeichana, sasa sioni waya unachomekwa wapi. Mwanafunzi wa mazoezi ndiye aliyenisogeza pembeni akafanya. Mzee alirudi, tunamshukuru Mungu. Mimi ndiye sijarudi sawasawa tangu usiku ule.

Ukinipa karatasi nakujibu vyote: kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina sentimita 5 hadi 6, kifua kiachwe kiinuke, dawa ya adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5. Nimeyahifadhi kama sala. Sasa ninyi wenzangu mnajinoaje? Sanamu la mazoezi tunalo, ila limefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo. Usicheke.

Mkufunzi_Mstaafu

Nimecheka kidogo, samahani. Pole dada. Kilichokwama hapo ni mikono, kichwa chako ni kizima. Stadi za ufufuaji huanza kufifia miezi michache tu baada ya kozi, ilhali kadi za kozi nyingi hudumu miaka 2. Kwa hiyo mtu anatembea na kadi hai na mikono iliyolala.

Nilipokuwa kazini tuliacha kusubiri semina. Dakika 10 kabla ya kukabidhiana zamu, mara mbili kwa wiki, mmoja anaitwa bila taarifa: chana pakiti, moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa, chomeka, chaji, "wote mbali!", shtua, rudi kifuani hapohapo bila kusimama kuangalia skrini. Mwenzako ana saa. Anapima kitu kimoja tu: mikono imekaa nje ya kifua sekunde ngapi. Zikipita 10, rudia.

Pedi zilizopitwa na muda usizitupe, ndizo za kujifunzia. Ila ziandike MAZOEZI kwa wino mwekundu na zikae mbali na toroli la vifaa vya dharura. Nimewahi kuona zikichanganyika, sitaki kuyasimulia.

DaktariWaMahututi

Naunga mkono, ila mikono peke yake haitoshi. Unaweza kufanya kwa ustadi mkubwa kitu kisichofaa.

Mfano wangu ni ule utafiti wa FEAST uliotoka 2011, watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Tulifundishwa kuwamwagia maji ya mshipa haraka, na wengi wetu tulikuwa hodari kweli. Kumbe waliopewa maji hayo ya haraka walikufa zaidi: ndani ya saa 48 takriban asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. (Watoto waliokaushwa na kuhara hawakuhusishwa, msije mkawanyima maji kwa ajili yangu.) Sanamu lisingekuambia hilo hata ulifanyie mazoezi miaka 20.

Kwetu kila mwezi mmoja anasoma utafiti mmoja na kuuandika nusu ukurasa kwa mkono, halafu anajibu swali moja: kesho asubuhi tubadilishe nini? Mara nyingi jibu ni "hakuna", na hilo nalo ni jibu.

Zamu_ya_Usiku

Sista, usipitwe na kozi ya msingi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani. Ni ya siku 5, inahitaji mkufunzi na mazoezi ya vitendo, na kitabu chake kinapakuliwa bure. Video za maswali 10 haziifikii hata robo.

SistaWaZamu

Asanteni sana. Mrejesho: jana nilikunja blanketi, nikalivalisha shati kuukuu na kulichorea mtulinga kwa kalamu. Pedi za zamani nimezipata nyuma ya droo. Tangu kushika pakiti hadi kubandika na kuchomeka, mara ya kwanza sekunde 52, maana nilizibandika juu ya shati. Ya nne, 24. Yule mwanafunzi alikuwa ndiye mshika saa, na hakunionea huruma hata kidogo.

Mkufunzi, sasa fundi wetu anasema nisichaji mashine kwenye blanketi. Ninyi hatua ya kuchaji mlikuwa mnaifanyaje?

Mkufunzi_Mstaafu

Msikilize fundi. Tulikuwa tunagusa kitufe kwa kidole bila kukibonyeza na kutamka kwa sauti. Kwa mshtuko wa kweli subiri sanamu lililotengenezwa kupokea umeme. Na mwenye ufunguo akirudi, achonge wa pili.