Fundi kanipandishia Windows bila kuniuliza, programu zinajifunga zenyewe, na njia ya kurudi kaifuta

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Leo siku ya tano sijafunga hesabu za watu, na chanzo ni laptopu niliyoipeleka kwa fundi hapa Kigoma mjini kusafishwa feni. Feni tu. Ilikuwa inapiga kelele na mashine inachemka, nikaona niiwahishe kabla giza halijaingia. Nimerudishiwa ikiwa na Windows 11.

Kwa msio wa huku: mimi naandika hesabu za akina mama na mawakala wa dagaa, mwalo wa Kibirizi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, maana wanafuata taa za wavuvi. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika, na siku hizo ndizo za kulipana, kufunga vitabu na kupeleka vitu kwa mafundi. Giza likirudi hakuna muda wa kitu kingine. Mzigo unaanuliwa, unafungwa kwenye magunia, na mnunuzi anataka karatasi yake kabla gari halijaondoka. Nani kaleta kiasi gani, nani alikopeshwa hela ya mafuta ya boti, nani anamdai nani. Yote hayo yamo ndani ya programu moja ya hesabu ninayoitumia tangu 2016.

Basi giza limeingia. Nawasha mashine, naweka neno la siri, programu inafunguka vizuri. Jina la mteja naliona, namba zake zote naziona. Nabonyeza ripoti. Dirisha linaganda, linapauka, linapotea. Haijaandika kosa, haijasema chochote, umebaki na skrini ile ya mwanzo. Nafungua tena, hivyo hivyo. Mara ya sita, hivyo hivyo. Programu ya picha za pasipoti ndiyo mbaya zaidi, nembo yake ikishatokea tu, kwisha.

Mama mmoja kasimama pembeni yangu, magunia yake yanapakiwa.

"Shikamoo mama. Nivumilie kidogo, mashine inasumbua."

"Marahaba mwanangu. Sasa huyu anataka kuondoka, mimi nimwambie nini?"

Sikuwa na jibu. Nilichana karatasi ya kaunta buku nikamwandikia kwa mkono, na kwa haraka ile nikakosea jumla, magunia matatu yakaruka. Aliyeliona kosa ni mnunuzi mwenyewe. Angeweza kunyamaza akaondoka, na yule mama angepoteza kazi ya usiku kadhaa kwa sababu ya mtu aliyekabidhiwa feni akaamua kugusa na moyo wa mashine.

Nikarudi kwa fundi. Jibu lake: "Kaka, Windows 10 imeshakufa, mimi nimekusaidia bure. Programu zako ndizo za kizamani, tafuta mpya."

Hili la "imekufa" naomba nilijibu hapa, maana nasikia mafundi wengi wanalisema na wateja wanaitikia. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake haipati tena marekebisho ya usalama ya bure kama zamani. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Inawaka, inaandika, inaprinti, programu zinafanya kazi. Na watumiaji wa nyumbani waliwekewa mpango wa kujiandikisha waendelee kupata marekebisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Hatari ya kubaki nayo ipo, siikatai, hasa ukishinda kwenye intaneti. Lakini huo ni uamuzi wa mwenye mashine. Ungeniambia, ningekaa nikapanga, ningesubiri mbalamwezi.

Halafu laptopu yenyewe haina sifa. Ni Intel i5 ya kizazi cha sita. Kwa prosesa za Intel, orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, ukiondoa chache sana, inaanzia kizazi cha nane, achilia mbali masharti mengine kama chipu ya usalama ya TPM 2.0. Maana yake fundi aliuruka ukaguzi kwa makusudi. Mashine iliyopandishwa kwa kuruka ukaguzi haina uhakika wa kuendelea kupata apdeti, wenye Windows wenyewe wameliandika hilo. Kwa hiyo kanitoa kwenye mfumo uliokuwa unafanya kazi kwa jina la usalama, kaniweka mahali ambapo usalama huo hauna dhamana.

Na bado hilo ningelisamehe. Kisichosameheka ni hiki.

Ukipandisha Windows juu ya nyingine, ile ya zamani haitupwi papo hapo. Inahifadhiwa kwenye folda inaitwa Windows.old, ndani ya diski C, kwa siku 10. Ndani ya siku hizo ukiona mambo hayaendi unaingia Settings, System, Recovery, unabonyeza Go back, na mashine inarudi ilivyokuwa, programu zikiwa mahali pake. Mimi niligundua tatizo siku ya tatu. Nilikuwa na wiki nzima mkononi. Nimeingia pale, kitufe kimepauka, hakibonyezeki. Nikaitafuta folda, haipo. Nikampigia fundi simu. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja wema wake, kwamba diski ilikuwa imejaa, ni ya GB 128 tu, akasafisha "takataka za Windows ya zamani ili mashine iwe nyepesi".

Takataka! Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kurudi nyumbani. Na ikishafutwa kwa usafi wa diski haiendi kwenye pipa la taka ukaiokota.

Mtaniambia nipige Windows 10 upya. Wakuu, kupiga upya kunafuta programu zote. Hata ile Reset inayosema itatunza mafaili yako, inatunza mafaili tu, programu ulizosakinisha zinaondoka. Na hii programu ya hesabu CD yake ilishapotea, namba ya leseni sina, na aliyeniuzia alishafunga duka. Ikitoka kwenye mashine hii hairudi. Ndiyo maana nasema kwa mtu kama mimi folda ile ilikuwa na thamani kuliko laptopu yenyewe.

Nilichofanya mpaka sasa. Kwanza kabisa nimenakili folda nzima ya data kwenye flashi mbili, moja iko nyumbani Ujiji. Fanyeni hivyo kabla hamjagusa kitu kingine chochote. Kisha nikajaribu kubonyeza kulia kwenye ikoni ya programu ya hesabu, Properties, Compatibility, nikaiambia ijione iko Windows 7. Haikusaidia. Nikafungua Command Prompt kama msimamizi nikaendesha sfc /scannow, amri ya kukagua mafaili ya Windows, ikamaliza bila kukuta faili bovu. Kwa hiyo Windows yenyewe nzima, programu inafunguka, kinachoiua ni kitu cha katikati. Hapo ndipo nilipokwama, nikafungua uzi huu saa 7 usiku. Mwenye ujuzi anisaidie, na aliye Kigoma anayemjua fundi anayeuliza kabla ya kugusa, anielekeze.

NYONGEZA, siku iliyofuata

Nawashukuru sana mliojibu. Mkuu uliyenielekeza niandike perfmon /rel, Mungu akulipe. Kwa wengine watakaopita hapa: bonyeza kitufe cha Windows na R pamoja, andika hayo maneno, Enter. Inatokea kalenda ya siku kwa siku, na siku ambayo programu ilijifunga ina alama nyekundu ya X. Bonyeza siku hiyo, halafu kwenye orodha ya chini bonyeza mara mbili tukio lenyewe usome maelezo. Usiishie kwenye jina la programu, hilo unalijua. Tafuta mstari wa Fault Module Name. Huo unakwambia ni faili lipi lilikuwa linafanya kazi wakati programu inaanguka.

Mimi nilikuwa na alama 11 za programu ya hesabu. Zote 11 zilitaja faili lile lile, na halikuwa la programu ya hesabu. Lilikuwa la draiva ya printa, ile programu ndogo inayoiunganisha Windows na printa! Kumbe nikibonyeza ripoti, programu kabla ya kuchora ukurasa inaiuliza printa karatasi yake ina ukubwa gani. Draiva ile ya zamani ilivukishwa na Windows mpya ikiwa haielewani nayo, inaulizwa swali, inaanguka, na inaanguka na aliyeuliza.

Jaribio lake ni la dakika moja. Kwenye Settings, upande wa printa, nimezima ile ya kuiachia Windows ichague printa, halafu nikaweka Microsoft Print to PDF kuwa ndiyo printa kuu. Nikafungua hesabu, nikabonyeza ripoti.

Ikafunguka. Jina la yule mama, magunia yake, yote. Nilikaa naiangalia tu.

Sasa nachapa kwa kuzunguka: natoa PDF, nahamisha kwa flashi, naprinti steshenari ya jirani hapa Mwanga. Kila karatasi inanigharimu, lakini watu wanaondoka na hesabu iliyo sawa. Printa yangu nimeiondoa pamoja na draiva yake yote, natafuta draiva mpya kwenye tovuti ya waliotengeneza printa, siyo kwenye hizi tovuti za mitaani zinazojaza vitu visivyoeleweka.

Ya picha ilikuwa kisa kingine. Kwenye Device Manager kadi ya picha ilijiita Microsoft Basic Display Adapter. Ukiona jina hilo ujue draiva yako halisi haipo, Windows imeshika ya dharura. Nimeshusha ya laptopu hii, bando lote la siku limeishia hapo, nimewasha upya, programu inafunguka. Inajikokota, RAM ni GB 4, lakini haijifungi.

Mkuu uliyeuliza kwa nini bado nina hasira ikiwa nimefanikiwa: nimefanikiwa siku ya sita, kwa msaada wa watu nisiowajua, usiku kucha, wakati fundi aliyelipwa alikuwa na kitufe kimoja cha kuninusuru akakifuta. Hakuuliza ninatumia programu gani. Hakuuliza kama nina nakala. Hakuandika popote kwamba kabadilisha mfumo, niliuona mwenyewe nilipowasha. Nimemwomba anirudishie hela ya feni, amekata simu.

Madaftari mawili ya giza hili bado hayajaingia kwenye mashine. Nimefika ukurasa wa 17.