Safari ndefu na trela nyuma, nijipangeje?

Wakuu, nataka kuvuta trela safari ya siku mbili, mzigo niupange vipi lisiyumbe?

– Vizito viweke mbele kidogo ya ekseli, sio nyuma kabisa, ile shingo ya trela (pale linapofungwa kwenye gari) ibebe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa trela, ikipungua hapo linaanza kucheza mkia ukiongeza spidi

– Na likianza kucheza usikanyage breki kwa nguvu, achia mafuta taratibu, usukani ushike umenyooka mpaka litulie.

– Upepo pima asubuhi tairi zikiwa za baridi. Ukisimama njiani sogeza mkono karibu na magurudumu, moja likiwa la moto kuliko mengine ujue beringi au breki ina shida. Mafuta nayo yataliwa balaa, usitumie hesabu za siku zote

– Mteremkoni gia ndogo mzee!!