Tupeane uzoefu: stati (takwimu) na kemistri za chuo, nani alikusaidia mpaka ukaelewa?

Mleta uzi

Habarini wakuu. Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza diploma ya maabara, jana kanipigia saa nne usiku analia, asainimenti ya titresheni (unadondosha asidi kidogo kidogo mpaka rangi igeuke, ujue nguvu yake) imemkataa, wenzake wote wanapata asidi ni 0.2 M, yaani moli 0.2 kwa lita, yeye anapata 0.196 na kesho anatakiwa akusanye. Nikakumbuka yangu. Niliambiwa nitengeneze mililita 250 za sodiamu kaboneti 0.1 M, nikachukua 106, uzito wa moli moja, nikazidisha 0.1 nikazidisha 0.25 nikapata gramu 2.65, nikapima vizuri kabisa, kuja kutitreti na asidi ya 0.2 M rangi inageuka kwenye mililita 9 na kitu wakati ilitakiwa ifike kama 25. Nimerudia mara tatu, tatu zote hivyo hivyo, nikajua basi mimi kemistri si yangu. Fundi wa maabara, mzee mmoja mpole sana, hakunipa jibu, alienda akaleta ile chupa akaniambia mwanangu soma lebo yote kwa sauti. Nasoma nafika mwisho nakuta 10H2O. Yaani ile chumvi imebeba maji yake ndani, uzito wake si 106 ni 286, nilitakiwa nipime gramu 7.15. Mpaka leo siwezi kufungua chupa bila kusoma lebo yote. Nyie nani aliwatoa?

Binti wa Kimbwetani

Mimi stati ndo iliniliza. Kwenye kalkuleta kuna sigma mbili, za kupima namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, moja ya n (idadi ya namba) na nyingine ya n kutoa 1, na mimi nilikuwa nabonyeza yoyote. Kuna dada wa mwaka wa tatu alikuwa anapiga msuli kimbweta cha jirani (zile meza za kusomea nje) akanionea huruma, akaandika namba tano, 4, 6, 8, 10, 12, wastani 8, akaniambia toa wastani kwenye kila moja, nikapata -4, -2, 0, 2, ya mwisho akaifunika kwa kidole akauliza hii ni ngapi? Nikasema sijaifanya bado. Akasema huna haja ya kuifanya, zote zikijumlishwa lazima ziwe sifuri. Nikakaa kimya kama dakika nzima, ikaingia, ni 4! Kumbe ukishajua nne ya tano haina uhuru tena, ndo maana kwenye sampuli ukishajumlisha miraba ya hizo tofauti unagawanya kwa 4 sio 5, ukitafuta kipeuo unapata 3.16 badala ya 2.83. Lekcha alishafundisha hiyo wiki mbili na sikuambulia kitu, kidole cha yule dada kimenifundisha jioni moja. Mungu ambariki popote alipo

Sapu mbili

Mi nilikuwa nalipa mtu elfu kumi kwa kila asainimenti. Napata 18 kwa 20, nyumbani wanafurahi. Test ikaja, swali la kwanza ni lile lile la asainimenti wamebadilisha namba tu, nikalitazama saa nzima. Nikabeba sapu (mtihani wa kurudia) ya kemistri na ya stati mwaka mmoja. Hela yenyewe ilikuwa ya bumu (mkopo wa chuo) wakuu, kuna wiki nilikuwa nalala na chai. Inaniuma hadi leo na nawaambia wadogo zangu kabisa, msifanye hivi

Kijana wa Eldoret

Huku Kenya ilikuwa CAT (test ya katikati ya muhula) ya stati, niliandika p, ile namba inayotoka kwenye jaribio la stati, ni 0.03 kwa hivyo kuna uwezekano wa asilimia 3 tu kwamba dawa haifanyi kazi. Lekchara akazungushia nyekundu, sikuelewa kosa ni gani. Nikaenda ofisini kwake, naogopa kweli, akaniambia anza na neno "ikiwa". Ikiwa dawa haina tofauti yoyote, basi matokeo kama haya au makali zaidi yangetokea kwa bahati mara 3 kwa 100. Hiyo "ikiwa" ndiyo nilikuwa naikosa muhula wote. Ndiye alituambia pia jamaa wa t-test (jaribio la kulinganisha wastani) alikuwa anafanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, anaitwa Gosset, 1908 akaichapisha kwa jina la Student, shida yake ilikuwa sampuli ndogo kama zetu tu. Nikaona kumbe hizi vitu zilitoka kwa mtu aliyekuwa kazini. Watu waende ofisini kwa malekchara jameni, wengi wako tu pale wanangoja mtu aulize

Mama Wawili

Nasoma nikiwa kazini, sina grupu. Natumia programu za simu ila naanza mwenyewe mpaka mwisho, halafu naiuliza nimekosea mstari wa ngapi. Na hapo bado nahakiki na kalkuleta maana nayo inakosea.

Mleta uzi

Asanteni sana wakuu, dada wa kimbwetani hiyo ya kidole nimemsomea mdogo wangu neno kwa neno. Nikamwambia nitumie picha ya chupa, nikijua ni kosa langu lile lile la ukoo, lebo yake haina maji, iko sawa. Basi nikamwambia tuma na jedwali la bureti (ule mrija wa kudondoshea asidi). Pailoti 26.80, halafu 24.90, 25.00, 25.10. Kajumlisha zote kagawanya kwa nne kapata 25.45. Nikamuuliza pailoti ni ya nini, akasema ya kuangalia rangi itageukia wapi, nikamwambia haya sasa iangalie tena. Kimya. Halafu nasikia "kakaaa!" Kaitoa, ikaja 25.00, asidi 0.2 kamili. Amekusanya saa mbili asubuhi.

Wengine endeleeni, hasa waliosoma stati ya kilimo, nako nasikia kuna kazi.