Mkeshani uwepo unashuka, chumbani kimya: tatizo liko wapi?

Msomaji_Kimya

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Swali hili ni kwa wanaofundisha maombi, tuache ubishi wa madhehebu pembeni. Waumini wengi husema kwenye mkesha uwepo wa Mungu unashuka mpaka machozi yanatoka. Mtu huyohuyo akipiga magoti chumbani alfajiri, dakika tano nyingi: maneno yamekwisha, akili imeshahamia kwenye marejesho ya kikoba. Je, Mungu yupo zaidi kwenye mkusanyiko? Na mwenye nusu saa tu kabla ya kwenda kazini aipange vipi?

Mpiga_Kinanda

Amina. Nianze na madhabahuni, maana watu wa vyombo tunajua yanayofanyika pale. Ibada ya sifa huanza na mapambio ya haraka, watu wanaruka, jasho linatoka. Kisha mwendo unashushwa, ngoma zinaachwa, kinanda kinazungusha kodi (chords) tatu au nne zilezile, na mstari mmoja unarudiwa mara nane, mara kumi. Mwili wowote utalegea hapo, hata wa mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzake tu.

Sisemi ni uongo. Elisha mwenyewe aliomba aletewe mpiga kinanda, na kilipopigwa mkono wa Bwana ukamjia (2 Wafalme 3:15). Muziki unasaidia moyo kutulia. Kosa ni kuufanya msisimko kuwa kipimo. Mtu anaingia chumbani, hasikii kitu, anahesabu kwamba Mungu hayupo, kumbe kilichokosekana ni kinanda.

Kuhusu mkusanyiko, watu hushika Mathayo 18:20, Yesu anaposema yupo kati ya waliokusanyika kwa jina lake, kana kwamba inazungumzia umati. Someni kuanzia mstari wa 15: ni habari ya ndugu waliokoseana na jinsi ya kuwapatanisha, na idadi yenyewe ni wawili au watatu. Zaburi 139:7 nayo ("Niende wapi niukimbie uso wako?") haina saa ya mkesha. Ukitaka kupima ibada, angalia Jumatatu: hasira imepungua? Deni limelipwa? Wagalatia 5:22, tunda la Roho, ndiyo orodha ya kukagulia.

Katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Nichukue la nusu saa.

Kuna njia ya zamani ya kusali kwa Maandiko. Guigo wa Pili, mtawa Mkartusi wa karne ya 12, aliipanga kama ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kukaa kimya mbele za Mungu. Dakika 30 zinaitosha, ila andiko lichaguliwe usiku uliotangulia. Anayefungua Biblia alfajiri kutafuta pa kusoma hupoteza dakika kumi akipekua. Mistari sita hadi kumi inatosha, sura nzima ni nyingi mno.

Dakika 2 za mwanzo ni za kukaa: kiti, mgongo wima, simu chumba kingine (kuizima sauti tu hakusaidii, mkono utaifuata). Dakika 5 soma kwa sauti ya chini, mara mbili, na mara ya pili polepole zaidi. Neno moja likikushika, simama hapo. Dakika 8 lirudierudie na kuliuliza. Dakika 7 mjibu Mungu kutokana na neno hilo, si kutoka kwenye orodha yako ya kila siku. Dakika 5 nyamaza. Tatu zilizobaki, andika mstari mmoja kwenye daftari.

Mfano: Marko 10:46-52, Bartimayo kipofu. Yesu anamwuliza anataka afanyiwe nini. Kipofu yuko mbele yake, haja yake inaonekana, na bado anaulizwa. Kaa na swali hilo tu, ulijibu wewe.

Panapoharibika ni pawili. Kwanza, wahubiri na walimu wa Sunday school hugeuza tafakari kuwa maandalizi ya somo. Wanatafuta pointi za kuwaambia wengine, wao wenyewe hawajaambiwa kitu. Pili ni kutangatanga kwa mawazo, na hapa wengi hukosea kwa kupigana nayo. Ukigundua umefika kwenye kikoba, sema kwa upole "Bwana, unirehemu" na urudi kwenye neno lako. Jambo lilelile likirudi mara tatu, acha kulifukuza: liombee. Huenda ndilo Mungu anataka mzungumze.

Anayeanza asijilazimishe kimya cha dakika tano. Aanze na mbili, zilizobaki azipeleke kwenye kusoma.

Msomaji_Kimya

Asante sana, Katekista. Na mtu akifuata hivyo mwezi mzima na bado ni pakavu, moyo hausikii kitu? Wengine huambiwa wana dhambi iliyofichika, au wafunge siku tatu kavu.

Mlezi

Taratibu na hizo siku tatu kavu. Ukavu una sababu zaidi ya moja, na dawa hazifanani.

Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, karne ya 16, alitaja tatu: uvivu wetu wenyewe katika sala, Mungu kutupima tunampenda kiasi gani pasipo malipo, na kutufundisha kwamba faraja ni zawadi, haitengenezwi na bidii yetu. Ni moja tu kati ya hizo iliyo kosa la mwombaji. Kwa hiyo kumwambia kila mkavu kuwa ana dhambi ni kumwonea. Dhambi ichunguzwe, ndiyo (Isaya 59:2), na ugomvi na ndugu usuluhishwe kwanza (Mathayo 5:23-24). Ila ukishatubu, usichimbe tena shimo lilelile.

Ignasi ana mashauri mawili ya vitendo. Wakati wa ukavu usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na amani: usihame kanisa, usiache huduma, usivunje uchumba wiki hiyo. Na usipunguze muda wa sala, ongeza kidogo. Kama ni dakika 30, kaa 32, ili kishawishi cha kukatisha kisizoee kushinda.

Halafu mwili. Eliya alipoomba afe, Mungu hakuanza na mahubiri: alimwacha alale, malaika akamlisha, akalala tena, akala tena, ndipo safari ya Horebu (1 Wafalme 19). Anayelala saa nne kwa usiku asishangae kusinzia kwenye Zaburi. Na kama mtu amepoteza hamu ya kila kitu, si maombi tu bali chakula, watoto, kazi, usingizi umevurugika, na hali imepita wiki mbili, hiyo yaweza kuwa sonona. Aende hospitali, na aendelee kuombewa. Kumfungisha mtu wa namna hiyo, au mwenye kisukari anayetumia dawa, ni hatari kabisa.

Mpiga_Kinanda

Nakubaliana na Mlezi kwa sehemu kubwa. Ila nyie ndugu wa kimya mnasahau kuna watu wakikaa kwenye kiti alfajiri wanalala, basi. Hao waombe wamesimama, au wakitembea chumbani, kwa sauti. Waimbe tenzi mbili bila chombo chochote, wakisikiliza maneno. Wanaonena kwa lugha wanene, kisha wachukue muda uleule kuomba kwa akili, kama Paulo anavyosema katika 1 Wakorintho 14:15.

Na kwa wanaopanga chumba kimoja, jirani anasikia kila kitu: Hana aliomba midomo ikicheza tu, sauti haisikiki (1 Samweli 1:13). Eli alidhani amelewa, lakini Mungu alimsikia.