Oili ya sintetiki au oili ya kawaida kwenye pikipiki: tupeane uzoefu

Msafiri wa Chalinze
Habari zenu ndugu zangu. Nina pikipiki ya Kichina yenye injini ya cc 150, ninabeba abiria kila siku kati ya Chalinze na Mdaula, na tangu niinunue nimekuwa nikiiwekea oili ya kawaida ya 20W-50 (namba za uzito wa oili, ya kwanza ikiwa ya wakati wa baridi) na kuimwaga kila baada ya wiki mbili. Juzi muuza spea ninayemwamini aliniambia kwamba ninapoteza fedha, na kwamba nikiweka sintetiki, yaani oili iliyoundwa kiwandani kwa kemikali, ambayo bei yake ni karibu mara tatu, nitakaa miezi miwili bila kugusa nati ya kumwagia. Niliishika ile chupa nikairudisha kabatini, kwa sababu nilimkumbuka rafiki yangu ambaye injini ilimfia mwaka jana baada ya kuambiwa maneno hayohayo. Waliotumia zote mbili naomba waeleze yaliyowapata wenyewe, si waliyosikia kijiweni.

Baba Zawadi
Hata mimi niliambiwa miezi miwili. Nadhani wauzaji wote wamefundishwa na mtu mmoja.

Mkata Upepo
Ndugu Msafiri, umenikumbusha siku ambayo sijapenda kuisimulia. Nilikuwa kwenye mkataba na tajiri wangu, nikiwa nimebakiza miezi miwili tu pikipiki iwe mali yangu. Ilikuwa imeshatembea sana, asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa bluu kidogo halafu inaacha, nami sikuujali moshi ule, kumbe ni dalili ya injini kula oili. Nikaweka sintetiki ya 10W-40, nikajihesabia kwamba sasa nina kilomita 6,000 za kupumzika. Kweli, siku za kwanza injini ilikuwa laini, gia zinaingia bila kelele, nikawasifia wenzangu kijiwe kizima.

Mwezi wa pili nilitoka Dumila na abiria mmoja na gunia dogo la mahindi kwenda Kibaigwa. Tulipoupanda mlima wa Gairo nilisikia mlio mkavu, tiki tiki tiki, nikadhani ni tapeti za valvu. Baada ya mlima nikaongeza mwendo ili nifidie muda, na hapo ndipo gurudumu la nyuma lilipojifunga ghafla. Nilibana klachi kwa mazoea tu, si kwa akili, na nadhani ndicho kilichotuokoa, kwa sababu nyuma yetu lilikuwa linakuja lori. Tulisimama pembeni tukiwa wazima. Mstari mweusi wa tairi ulibaki kwenye lami, na injini ilikuwa inanuka chuma cha moto.

Fundi alipovua kichwa na bloku, pistoni ilikuwa na michirizi upande mmoja kama ubao uliokwaruzwa kwa msumari, na konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ilikuwa imebadilika rangi kuwa ya bluu. Tulipofungua nati ya kumwagia yalitoka matone meusi ambayo hayakujaza kikombe cha kahawa. Injini inachukua lita moja, nayo ilikuwa imeila karibu yote huku mimi nikihesabu kilomita badala ya kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Tajiri aliichukua pikipiki yake. Miezi kumi ya hesabu niliyompelekea kila jioni iliishia pale, na mpaka leo nikipita mlimani pale nautafuta ule mstari kwa macho.

Mama Ntilie wa Stendi
Pole sana kaka. Mume wangu yalimpata hayohayo, naye alikuwa anatumia oili ya kawaida. Kijiti ndicho kilichokuwa hakichomolewi.

Fundi wa Kihonda
Nina miaka mingi ya kufungua injini hizi, na naomba nieleze jambo ambalo wauzaji hulipita. Pikipiki nyingi za Kichina za 125 na 150, zile zenye fimbo za kusukuma valvu, zinafuata ubunifu wa Honda CG125 ya mwaka 1976. Injini hizo hazina chujio la karatasi kama la gari. Zina wavu mdogo wa chuma, na nyingine zina kikombe kinachozunguka ambacho hukusanya uchafu kwa kuurusha pembeni. Unga wa chuma kutoka kwenye gia, unga wa klachi na masizi vinabaki vikizunguka ndani ya lita ileile moja. Ukiweka oili ya bei kubwa ukaiacha miezi miwili, oili yenyewe inaweza kuwa bado ina nguvu, lakini uchafu uliobebwa humo unaendelea kusaga. Sintetiki ni nzuri, ninakubali: inastahimili joto kuliko ya kawaida na haipotezi uzito wake haraka, ilhali meno ya gia huikatakata oili ya kawaida mpaka ikawa nyepesi, na ndiyo maana ikichakaa gia huanza kuwa ngumu na kutafuta nyutro inakuwa kazi. Hata hivyo uzuri huo hauundi chujio mahali pasipo na chujio.

Kijana wa Usambara
Nilikuwa sitaki kuandika, lakini nimesoma neno klachi nikashindwa kunyamaza. Mimi niko upande wa Soni na Bumbuli, ambako barabara ni mlima, kona na udongo mwekundu. Mwaka juzi shemeji yangu aliyekuwa na gari aliuza gari lake akanipa chupa ya oili iliyobaki, sintetiki ya 5W-30, mpya kabisa, akaniambia hii ni bora kuliko zote mnazotumia. Niliipokea kwa shukrani nikaiweka siku ileile.

Siku tatu baadaye, mwezi wa Novemba na mvua za vuli zikiwa zimeanza, kijana wa jirani aliyekuwa anamaliza kidato cha nne alinigongea mlango alfajiri. Usiku uliotangulia walikuwa wamemuuguza bibi yake, amechelewa, mtihani wa Hisabati unaanza saa mbili, na shule iko ng'ambo ya milima miwili. Nilimwambia panda. Mlima wa kwanza tuliupanda kwa shida. Wa pili, nikivuta resi, injini inalia juu kabisa lakini pikipiki inatambaa kama mtu anayevuta mguu. Gia ya pili, hakuna. Gia ya kwanza, hakuna. Nikaanza kunusa kitu kama nywele zilizoungua. Kijana alishuka bila kuambiwa, akafunga viatu vyake shingoni kwa kamba, akaanza kusukuma kwa nyuma huku matope yakimrukia kwenye sare, mimi niko juu ya usukani nimeshikilia mkono wa klachi na machozi yananitoka. Alisukuma mpaka kwenye kona ya juu. Pale nilimwambia aache, akimbie.

Baba Zawadi
Je, aliuwahi mtihani?

Mama Ntilie wa Stendi
Tafadhali usituache hapo. Aliwahi?

Dereva Makini
Haya ndiyo niliyokuwa nasubiri kuyasikia. Mimi nimesema siku zote kwamba sintetiki inaua klachi. Inateleza mno. Na tena inavujisha sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke. Weka ya kawaida, mwaga kila kilomita 1,000, basi.

Fundi wa Kihonda
Ndugu Dereva Makini, naheshimu tahadhari yako lakini hapo unailaumu isiyo na kosa. Iliyomponza kijana ni oili ya gari. Klachi ya pikipiki nyingi imelala ndani ya oili ileile ya injini na hushika kwa msuguano, ilhali oili nyingi za magari za 5W-30 huongezewa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Wajapani waliweka kiwango cha JASO cha oili za pikipiki mwaka 1998 kwa sababu ya tatizo hilihili. Geuza chupa utafute herufi MA au MA2, hiyo ni ya pikipiki yenye klachi ndani ya oili, na MB ni ya skuta ambazo klachi yake iko pakavu. Iko sintetiki yenye MA2 na klachi haitelezi hata kidogo.

Dereva Makini
Na sili je? Yangu ilianza kuvuja wiki moja baada ya kuweka sintetiki. Niliona kwa macho yangu.

Fundi wa Kihonda
Sikatai ulichokiona. Sintetiki za zamani sana zilikuwa zinasinyaza sili, za sasa huwekewa dawa ya kuzuia hilo. Lakini sili iliyokwisha kukakamaa huwa imezibwa na utandu wa uchafu, na oili yenye sabuni kali ikiuondoa utandu, ufa unaonekana. Ufa ulikuwapo.

Dereva Makini
Basi mimi nabaki na utandu wangu, maana ulikuwa unanizibia bure.

Baridi ya Makete
Huku kwetu mwezi wa Juni na Julai asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu. Nikiwa na 20W-50 nilikuwa napiga kiki mpaka goti linauma, na ikiwaka inagonga kwa dakika nzima kabla oili haijapanda kichwani. Nimehamia 10W-40 ya sintetiki yenye MA2 na kiki ya pili inatosha. Namwaga kila kilomita 2,000 kama zamani, kwa hiyo sikuokoa shilingi hata moja, lakini goti langu limepona.

Mwenda Porini
Ninaendesha pikipiki ya 250 ya mradi, inapozwa kwa maji na ina chujio la karatasi. Hiyo ndiyo inayostahili sintetiki, nami hufuata kitabu chake cha maelekezo. Nyumbani nina ndogo ya 125 na naiwekea ya kawaida bila kujuta. Niongeze pia kwamba neno lenyewe halikuambii yote: huko Marekani mgogoro kati ya kampuni za oili za Mobil na Castrol kuhusu neno sintetiki uliamuliwa mwaka 1999, na tangu hapo hata oili inayotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa sana inauzwa kwa jina la sintetiki.

Baba Zawadi
Mimi nasema toboeni chupa zenu tupu kwa msumari kabla ya kuzitupa, kwa sababu kuna watu wanazikusanya gereji na kuzijaza oili iliyotumika. Chupa ya sintetiki ndiyo wanayoitafuta zaidi.

Kijana wa Usambara
Samahani, mtandao ulikatika. Alifika saa mbili na dakika ishirini, magoti yana damu kwa kuanguka, na msimamizi akamruhusu kuingia. Hisabati hakufaulu vizuri, lakini masomo mengine yalimbeba na sasa yuko chuo cha ualimu. Kila akija likizo ananiuliza kwanza nimeweka oili gani. Nilibadilisha pleti zote za klachi, zilikuwa nyeusi na zinang'aa kama kioo, nikaweka ya kawaida ya 20W-50 yenye MA, na mlima ule naupanda na abiria na mzigo.

Mama Ntilie wa Stendi
Mungu ni mwema.

Msafiri wa Chalinze
Nawashukuru nyote. Jioni hii, kabla ya kununua chochote, nimemwaga oili niliyoiweka siku kumi na moja zilizopita, nikaipima kwenye chupa ya maji ya lita moja. Imefika chini kidogo ya nusu. Moshi wa bluu sijawahi kuuona, au pengine sijawahi kuutazama. Nimeweka ya kawaida, MA, mpaka kwenye alama ya juu, na kesho naipeleka kwa fundi akaangalie ringi za pistoni. Kijiti nitakichomoa kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza.