Mabehewa ya zamani ya abiria (1:87): nihamishie viungio kwenye sakafu, au niviache kwenye bogi?

Mwana wa Silversands, Malindi:

Assalam alaikum. Mzee mmoja Mwitaliano, jirani yetu hapa Malindi, alipofunga nyumba yake kurudi kwao alinipa sanduku la mabehewa manane ya abiria ya treni za mfano, yaliyotengenezwa Italia kwa sura ya mabehewa marefu ya Marekani. Kila moja lina urefu wa karibu sentimita 30, yaani behewa halisi la futi 85 lililopunguzwa mara 87. Rangi bado ni nzuri na hata vioo vya madirisha vimo vyote.

Shida ni kwenda. Viungio ni vile vya zamani vya plastiki vyenye umbo la pembe, na vimeshikanishwa na bogi (kigari kidogo cha magurudumu kilicho chini ya kila ncha ya behewa) kwa ulimi mwembamba. Treni ikivutwa huenda vizuri. Ikisukumwa kurudi nyuma, viungio husukumana kwa ubavu na behewa la tatu au la nne hutoka relini. Tena magurudumu yana kingo ndefu, na tangu niweke reli mpya zenye kimo cha milimita 2.1 ninasikia yakigonga vichwa vya misumari juu ya mataruma, ta-ta-ta, mzunguko mzima. Reli zangu zimelazwa juu ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, na kona zake zina nusu kipenyo cha sentimita 55.

Karibu kila ninapouliza naambiwa nikate ulimi, nifunge kiungio cha Kadee (viungio vya chuma vya kampuni ya Marekani) kwenye sakafu ya behewa, na ninunue mabogi mapya. Nimejaribu kwa behewa moja, upande mmoja. Nilikata ulimi, nikabandika kisanduku cha kiungio sakafuni kwa gundi, na siku ya pili kikabanduka. Kabla hakijabanduka, lile behewa lilikuwa likimng'oa mwenzake relini kila linapoingia konani. Je, nimekosea kazi, au nimekosea wazo lenyewe?

Reli ya Pwani, Mombasa:

Wazo ni sahihi, kazi ndiyo mbaya. Kiungio hufungwa kwa skrubu, hakibandikwi kwa gundi. Mabogi ya zamani yatupe yote uweke mapya. Utatumia fedha mara moja na kupumzika.

Fundi Saa wa Langoni, Lamu:

Mwanangu wa Malindi, wa alaikumu salaam. Kwa heshima ya ndugu yetu wa Mombasa, mimi naona wazo lenyewe ndilo lililokosewa, si kwa kila mtu bali kwako wewe mwenye kona za sentimita 55. Nakuomba uchukue karatasi tupige hesabu.

Behewa lako lina urefu wa sentimita 30, na kutoka katikati ya bogi moja hadi katikati ya jingine ni takriban sentimita 21. Kwenye kona, mabogi hufuata reli lakini mwili wa behewa umenyooka kama ubao, hivyo ncha zake hutokeza nje ya kona. Kwa vipimo vyako, ncha hutokeza karibu sentimita 1 kutoka mstari wa katikati ya njia. Sasa kumbuka kwamba upana wa njia yako ni milimita 16.5 tu, kwa hiyo nusu yake haifiki hata milimita 9. Maana yake ni kwamba kiungio kilichofungwa sakafuni kinavuka reli ya nje na kuning'inia hewani, huku behewa linalofuata, ambalo bado liko kwenye njia iliyonyooka, kiungio chake kiko katikati. Hiyo sentimita 1 nzima lazima ilipwe na mtu, na anayelipa ni behewa jepesi kuliko mwenzake. Penye kona mbili zinazofuatana, ya kulia kisha ya kushoto, deni huwa mara mbili.

Wanaofunga viungio sakafuni hawakosei, ila wao wana nafasi. Kanuni wanayoifuata wengi ni kwamba nusu kipenyo cha kona kifike mara tatu ya urefu wa behewa. Kwako ingekuwa sentimita 90, ambazo hazitoshei juu ya plaiwudi moja. Waliotengeneza mabehewa hayo waliweka kiungio kwenye bogi kwa makusudi, ili yapite kwenye kona za mezani. Kwa hiyo uache ulimi mahali pake na ubadilishe kichwa tu.

Mimi nilifanya hivi. Nilikata ile pembe ya plastiki kwa msumeno mwembamba na kuuacha ulimi mzima, nikausawazisha kwa tupa, kisha nikaweka kisanduku cha Kadee namba 148 juu yake ili kupata alama ya tundu. Nilitoboa kwa keekee ya mkono yenye jino la milimita 1.6, polepole, kwa sababu plastiki ile hupata joto na kuyeyuka ukiiharakisha. Tundu la ukubwa huo hupokea skrubu ya M2, yaani yenye unene wa milimita 2, na skrubu za M2 huna haja ya kuziagiza mbali: mafundi wa simu na kompyuta wanazo mikebe mizima. Gundi usiifikirie tena. Mabogi mengi ni ya plastiki yenye utelezi ambayo gundi haiishiki, na utelezi huo ndio unaofanya ekseli zizunguke kwa wepesi.

Kisha pima kimo. Katikati ya kiungio panatakiwa pawe milimita 9.9 juu ya uso wa reli. Hapa watu hupoteza siku nzima: wakiona kiungio kiko chini, huongeza washa (vipete bapa vya skrubu) kati ya bogi na sakafu. Washa huinua mwili wa behewa, na kiungio chako hakiko mwilini, kiko kwenye bogi, hivyo hata ukiweka washa kumi hakitapanda. Unachoweza kufanya, kikiwa chini, ni kutia kibati chembamba kati ya ulimi na kisanduku, na kikiwa juu, kuupunguza ulimi kwa tupa.

Mabogi usiyatupe. Toa magurudumu peke yake, uweke ya chuma yenye ukingo wa RP-25 (umbo la kawaida la gurudumu la treni za mfano), ambao kina chake ni kama milimita 0.6, na kelele ya mataruma itakwisha. Behewa la abiria la Marekani hutumia gurudumu la inchi 36, ambalo kwa kipimo chetu ni milimita 10.5, ukiweka dogo zaidi, behewa na kiungio vyote vitashuka. Kabla ya kuagiza, toa ekseli moja uipime urefu kutoka ncha hadi ncha, maana ekseli ndefu mno hutanua bogi na kuzuia mzunguko, na fupi mno huanguka. Mafuta usitie. Kwetu sisi watu wa pwani, mafuta hukusanya mchanga na vumbi, ukawa umetengeneza msasa. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

Mwisho, skrubu ya bogi moja iache ilegee kidogo ili bogi liyumbe pande zote, na ya bogi la pili ikaze kiasi cha kuliruhusu kugeuka tu bila kuyumba. Chungu hakiyumbi juu ya mafiga matatu, hata sakafu ikiwa mbovu.

Bint Shela:

Shikamoo, Fundi. Ningependa kuongeza mambo mawili.

Kwanza ni uzito. Kanuni ya NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano, ni aunsi 1, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, kwa hiyo behewa la sentimita 30 linahitaji karibu gramu 195. Yangu nilipoyapeleka kwenye mizani ya sonara yalikuwa na gramu 120 tu. Nilijaza pengo kwa chubwi za risasi za wavuvi, nilizozigongagonga zikawa bapa na kuzilaza katikati ya sakafu, chini ya viti. Zipake rangi, kisha nawa mikono vizuri, kwa sababu risasi ni sumu. Vipande vya chuma nilivitumia mwanzo, na hewa ya chumvi ikavila kutu hadi ikatokea madirishani.

Pili, kama mabehewa yako yana taa, angalia umeme. Mara nyingi bogi moja huchukua umeme wa reli ya kulia na jingine wa kushoto. Kiungio cha Kadee ni chuma. Kikigusana na bogi la chuma lenye umeme, na cha behewa la pili vilevile, umeme utakatiza njia kupitia viungio na treni yote itasimama. Tumia kisanduku cha plastiki, na magurudumu yenye kizuizi cha umeme yaelekee upande mmoja katika kila bogi.

Mwana wa Silversands, Malindi:

Fundi, shikamoo, na ahsanteni nyote. Nimemaliza behewa moja. Kiungio kilikuwa chini kwa milimita 1, nami, pamoja na kuonywa, nilijaribu washa kwanza. Behewa lilipanda, kiungio hakikupanda. Nikatia kibati kati ya ulimi na kisanduku na sasa kimo kimekaa. Nimelisukuma kinyumenyume mizunguko ishirini bila kutoka. Taa hazimo, kwa hiyo hofu ya dada haijanifika bado.

Limebaki swali la lile behewa nililokata ulimi. Bogi la aina hiyo sijalipata popote.

Fundi Saa wa Langoni, Lamu:

Marahaba. Si ulikata upande mmoja tu? Basi lifanye behewa la mwisho, na upande uliokatwa utazame nyuma. Hapo hapahitaji kiungio.