Tupeane uzoefu: kutoa feni ya mkanda na kufunga feni za umeme kwenye gari la zamani

Wakuu habari za jioni. Waliobadilisha feni waje watupe yaliyowakuta, hata kama mlifeli.

Naanza mimi. Toyota GX100 yangu, injini 1G-FE, ilikuwa inachemsha kwenye foleni tu. Barabara ya Kilwa asubuhi geji inapanda. Nikipata njia, spidi 60 tu, inarudi katikati. Fundi alizima injini ikiwa ya moto, akaisukuma feni kwa kidole, ikajizungukia yenyewe mara tatu. Klachi yake, ile inayoishika feni izunguke na injini, imekufa; nzima ingekuwa nzito.

Nikafunga feni mbili za mtumba. Fundi umeme akavuta waya mwembamba kutoka swichi ya dashibodi moja kwa moja mpaka kwenye mota. Siku ya nne nasikia harufu ya plastiki inaungua, nagusa swichi imelainika kama nta na haizimi. Ikabidi nichomoe waya wa betri barabarani.

Sasa kila feni ina rilei yake (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) ya ampia 40. Waya mnene unatoka betri, fyuzi ipo karibu kabisa na betri, unaingia pini 30 unatoka 87 kwenda kwenye feni. 85 na 86 ni za kuiamsha rilei tu. Swichi ya joto inawasha nyuzi 92 na kuzima 87, thamostati yangu (vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta) inafunguka 82. Msifunge swichi inayozima chini ya thamostati, feni haitapumzika.

Mdau wa Iringa:
Mimi ni Hilux ya 3L. Nilipandisha Kitonga na mzigo wa mbao nikachemsha kabla ya nusu ya mlima, na feni nasikia zinaunguruma kabisa! Nyaya ziligeuzwa, feni zikawa zinapuliza hewa kwenda mbele. Tangu siku hiyo nikifunga feni yoyote nachukua karatasi ya daftari, naiweka mbele ya rejeta feni ikiwa imewaka. Ikinata, inavuta. Ikidondoka, geuza nyaya. Angalieni na mapanga ya feni yamepindia wapi, kuna feni za kusukuma na za kuvuta.

Mdau wa Mombasa:
Peugeot 504 ya marehemu baba. Wengi hawajui kwamba feni yake ya asili ilikuwa na sumaku, joto likipanda inashika, likishuka inaachia. Ya kwangu sumaku ilikufa nikaweka ya umeme. Joto sawa, shida ikawa usiku: taa, waipa na feni kwa pamoja, nikiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) taa zinafifia. Altaneta ya zamani, ile inayozalisha umeme na kuchaji betri, haikuundwa kwa mzigo huo. Nilibadilisha altaneta ndipo nikatulia. Pimeni volti injini ikiwa sailensa na kila kitu kimewaka. Ikiwa chini ya 13, betri ndiyo inayolisha feni.

Mdau wa Arusha:
Naomba mnisikilize kabla hamjatoa pesa. Gari langu lilikuwa linachemsha hata kwenye lami, spidi 90, upepo wote ule. Nikaweka feni, likaendelea. Rejeta ilipofunguliwa, nusu ya mirija imezibwa na chokaa na kutu, miaka yote nilijaza maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta). Na fundi wa zamani alishaitoa thamostati bila kuniambia. Likichemsha foleni tu, shuku feni. Likichemsha na kwenye mwendo, angalia rejeta, pampu ya maji na gasketi ya silinda hedi kwanza. Inaniuma kwa sababu hedi ilipinda.

Mleta uzi:
Pole sana mkuu wa Arusha. Swali langu sasa: feni zangu zimefungwa kwa vile vibanio vya plastiki vinavyopita katikati ya rejeta, na jana nimeona vimeanza kula mapezi (vile vibati vyembamba) ya rejeta. Nani amechonga kava la bati la kushikia feni? Mliacha nafasi kiasi gani kati ya feni na rejeta?